Mgeni amekuja, mwenyeji yuko wapi?

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, na kila mwanafunzi aliyepita kidato cha kwanza anaweza kuieleza: mgeni akifika, nyumba hufagiwa, kuku huchinjwa, na wenyeji nao hujipatia mlo ambao wasingeuona laiti mgeni asingebisha hodi. Lakini methali hiyo ina sharti lililojificha ndani yake, sharti ambalo ni nadra kuliona kwa kuwa hatujazoea kulikosa. Sharti lenyewe ni kwamba pawe na mwenyeji. Je, mgeni akija, tena akaja kwa maelfu, akamkuta mwenyeji ameshahama, ni nani atakayepona?

Swali hili si fumbo la kupitishia wakati. Uko mji mmoja mdogo nchini Italia uitwao Civita di Bagnoregio, yapata kilomita 120 kaskazini mwa Roma, si mbali na ziwa la Bolsena, ambao swali hilo limeukaba koo. Kwa mwaka mmoja mji huo hupokea mamia ya maelfu ya watalii. Wakazi wake wa kudumu, yaani wale walalao humo usiku wa baridi na kuamka humo asubuhi, ni kama kumi hivi. Darasa moja la shule zetu nyingi lina watu mara nne au tano zaidi ya hao. Waitaliano wameubandika jina la kuhuzunisha: mji unaokufa. Jina hilo hunasibishwa na mwandishi Bonaventura Tecchi, aliyezaliwa Bagnoregio mwaka 1896. Ajabu ni kwamba maneno hayo ya huzuni ndiyo yaliyogeuka kuwa tangazo la biashara. Watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kuutazama mji kabla haujakata roho.

Nionavyo mimi, kisa cha Civita kinastahili kusomwa na kila mwalimu na kila mwanafunzi anayejishughulisha na historia, kwa sababu kinatulazimisha kujibu jambo ambalo aghalabu tunalikwepa: tunapohifadhi mahali pa kale, tunahifadhi nini? Mawe, au maisha yaliyoyapanga mawe hayo? Hoja yangu ni kwamba fedha za wageni zinaweza kuununulia mwamba muda wa kusimama, na ni vyema ziendelee kutozwa. Lakini mji hauwezi kusemwa kuwa umeokoka mpaka watu warejee kuishi ndani yake. Kipimo cha wokovu wake kisiwe idadi ya tikiti zilizouzwa mlangoni, bali idadi ya madirisha yenye taa usiku.

Tuanze na ardhi, kwani humo ndimo chanzo cha neema na cha msiba pia. Civita imekaa juu ya kilima kilichosimama peke yake katikati ya bonde, mithili ya chungu kilichopinduliwa uani, zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari. Tabaka la juu la kilima hicho ni mwamba uliofanyika kutokana na majivu ya volkano za kale za eneo hilo. Mwamba huo huchongeka kwa urahisi, na ndiyo sababu Waetruski, watu waliostawi katika sehemu hizo kabla ya Roma kuwa dola kuu, waliupenda, wakauweka mji hapo zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Walichimba mapango ya kuhifadhia nafaka na divai, na handaki linalotoboa mwamba chini ya mji na kutokea bondeni. Handaki hilo lipo hadi leo, na wenyeji huliita Bucaione.

Chini ya mwamba huo kuna udongo wa mfinyanzi ambao zama za kale ulikuwa sakafu ya bahari. Mvua inyeshapo, maji pamoja na vijito viwili vya bondeni, Rio Chiaro na Rio Torbido, huula udongo huo taratibu. Udongo ukiisha kuliwa, mwamba wa juu hubaki umening'inia, hupata nyufa, kisha siku moja hukatika pande zima na kuporomoka pamoja na chochote kilichojengwa juu yake. Basi mji huu haukuanza kufa juzi. Umekuwa ukimegwa kingo zake karne baada ya karne, ukubwa wake ukipungua kama mkate mikononi mwa mtoto. Mwalimu wa jiografia anayetafuta mfano wa mmomonyoko wa ardhi hatapata kielelezo kinachoeleweka upesi kuliko hiki.

Na vipi kuhusu majengo yake? Mtu aingiapo Civita hupitia lango moja tu kuu, Lango la Santa Maria. Waetruski ndio waliolikata mwambani, kisha watu wa Zama za Kati wakaliongezea tao la mawe. Juu yake wamechongwa simba wawili, kila mmoja amekamata kichwa cha binadamu kwa makucha yake. Simba hao hufasiriwa kuwa ni ukumbusho wa karne ya 15, wakati wananchi walipoinuka na kuitimua jamaa ya Monaldeschi, makabaila wa Orvieto waliotaka kuwatawala kwa mabavu. Tazama basi jinsi lango moja linavyobeba tabaka mbili za historia: chini mkono wa Waetruski, juu kiburi cha raia walioshinda. Hatuna haja ya kuambiwa kuwa palikuwa na watu hapa. Simba wanasema.

Hatua chache kutoka langoni pana ukuta wa jumba lililojengwa wakati wa Mwamko wa Ulaya. Ukutani mna mlango wa mbao na madirisha mazuri. Mpita njia akichungulia dirishani hakuti chumba wala samani, bali anga tupu na bonde chini. Jumba lenyewe liliporomoka. Uso wake ndio uliosalia. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua picha moja ya kubandika katika kila darasa la historia, ningechagua ukuta huo. Unatuonyesha kwa jicho kile ambacho maneno hushindwa kukieleza: uso wa urithi waweza kubaki ilhali undani wake umekwisha.

Katikati ya mji upo uwanja, na kando ya uwanja lipo kanisa la Mtakatifu Donato, lililosimama mahali palipokuwa na hekalu la enzi za kabla ya Ukristo. Mbele yake pamelala vipande vya nguzo za kale. Zamani kanisa hili lilikuwa kiti cha askofu. Ndani yake mna msalaba wa mbao wa karne ya 15 wenye sanamu ya Yesu, ambao hushushwa kila Ijumaa Kuu na kubebwa kwa maandamano hadi Bagnoregio, mji jirani ulio ng'ambo ya bonde, kisha ukarejeshwa. Mapokeo ya hapo husema kuwa usiporudi Civita kabla ya saa sita ya usiku, watu wa Bagnoregio watakuwa na haki ya kubaki nao. Huenda wengine wakacheka wakisikia hayo. Mimi sicheki. Katika sharti hilo dogo naona jamii nzima iliyokuwa ikilinda heshima yake dhidi ya jirani aliyekuwa akiuchukua mji kidogo kidogo: leo askofu, kesho halmashauri, kesho kutwa wana wake. Msalaba ndio uliobaki, na wakasema huu hauendi.

Uwanja huohuo, mwezi wa Juni na mwezi wa Septemba, hugeuka kuwa uwanja wa mashindano ya mbio za punda. Punda huzunguka, watu hupiga kelele, na kwa siku moja Civita huwa na sauti ya mji. Lakini wengi wa wanaoshangilia hutoka nje. Jua likitua huvuka daraja kurudi kwao.

Katika mji huu ndimo alimozaliwa, mwanzoni mwa karne ya 13, Giovanni Fidanza, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Mtakatifu Bonaventura. Alijiunga na shirika la Wafransisko, akasoma na kufundisha Paris, na mwaka 1257 akachaguliwa kuwa mkuu wa shirika lote. Mwaka 1273 alifanywa kadinali, akafariki mwaka 1274 huko Lyon wakati wa mtaguso uliofanyika huko. Mwaka 1482 alitangazwa kuwa mtakatifu, na mwaka 1588 akapewa cheo cha Mwalimu wa Kanisa. Wako Wakenya wengi waitwao Bonaventure ambao huenda hawajapata kusikia habari za kilima hicho, ilhali jina lao limetoka hapo. Nyumba iliyojulikana kuwa ya kwao mtakatifu huyo haipo tena. Iliporomokea bondeni. Jina limeenea dunia nzima, na mahali lilipozaliwa pamebaki ukingo wa jabali na alama ya kumbukumbu.

Sasa tujiulize: mji wenye askofu, wenye makabaila wa kufukuzwa na watakatifu wa kujivunia, uliishiaje kuwa na watu kumi? Wengi hujibu upesi kuwa ni ardhi. Jibu hilo si la uongo, lakini halijakamilika. Mwaka 1695 zilizala kubwa ililipiga eneo hilo, ikabomoa nyumba na kuipasua njia iliyouunganisha mji na kitongoji chake kilichokuwa ng'ambo. Baada ya hapo askofu na serikali ya mji wakahamia kitongojini, huko ambako leo ndiko Bagnoregio yenyewe. Kumbuka kwamba wakati huo Civita ndiyo iliyokuwa mji, na Bagnoregio ya leo ilikuwa kiambo cha pembeni. Zilizala iliangusha kuta, lakini kilichougeuza mji kuwa kijiji ni kuondoka kwa ofisi. Hakimu akihama, mwandishi wa barua naye huhama. Mwandishi akihama, mwenye duka hukosa wateja. Mwenye duka akifunga, mama mwenye watoto naye hufunga virago. Maji hufuata mkondo.

Katika karne ya 20 mambo yalizidi. Ule mgongo wa ardhi uliokuwa njia ya kuingilia ulikuwa umeliwa na mvua, watu wakawa wanategemea daraja. Daraja hilo lilibomolewa na majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakirudi nyuma mwaka 1944. Daraja la sasa la zege, ambalo ni la waendao kwa miguu, lilijengwa mwaka 1965. Ni refu, na linapanda kwa mwinamo unaomchosha kijana, sembuse mzee aliyebeba kapu la mahitaji. Wakati huohuo vijana wa vijiji vyote vya Italia walikuwa wakikimbilia viwanda na ofisi za miji mikubwa. Ni nani angebaki mahali ambapo hata mfuko wa saruji ni lazima uvushwe juu ya bonde?

Hapa pana mtu mmoja ambaye walimu wanapaswa kumjua. Astra Zarina alizaliwa Riga, nchini Latvia, mwaka 1929, akawa msanifu majengo na mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Mwaka 1960 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Roma katika usanifu majengo. Alipoijua Civita hakuiona kuwa maiti. Yeye pamoja na mumewe, Tony Costa Heywood, walinunua nyumba zilizokuwa magofu wakazikarabati kwa mawe na mbao za asili, na kuanzia miaka ya 1970 akawaleta wanafunzi wake wakae humo, wapime kuta na kuzichora, wale mezani na wakulima waliosalia na wajifunze kwao jinsi mji mdogo unavyopangwa. Alifariki mwaka 2008. Fundisho lake ni hili: hakuwaleta wanafunzi kutazama, aliwaleta kuishi. Tofauti kati ya vitenzi hivyo viwili ndiyo kiini cha makala haya.

Mwaka 2013 halmashauri ya Bagnoregio ilichukua hatua iliyoishangaza Italia: ilianza kuwatoza wageni kiingilio cha kuvuka daraja na kuingia Civita. Kiwango kilianzia euro moja na nusu, kisha kikapanda hadi kufikia euro tano. Wengi walitabiri kuwa watalii wangekasirika na kususa. Kinyume chake, walizidi. Mwaka 2010 wageni walikuwa karibu 40,000. Miaka michache baada ya kiingilio walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mapato yalikuwa makubwa kiasi cha halmashauri kutangaza kuwa imeweza kuwafutia wakazi wake kodi za manispaa. Migahawa ikafunguliwa, vijana wa Bagnoregio wakapata kazi, na wahandisi wameendelea kuupigilia mwamba vyuma vya kuuzuia usipasuke. Kwa hesabu ya mfuko, mgeni alikuja na mwenyeji akapona.

Wapo waliolipinga jambo hilo kwa hoja nzito, nami sitaki kuidharau. Walisema: mji si bustani ya wanyama. Barabara ya mji ni ya umma, na binadamu hapaswi kulipia haki ya kutembea mbele ya mlango wa binadamu mwenzake. Ukitoza kiingilio umekwisha kukiri kuwa mji umekufa na umekuwa jumba la maonyesho. Hoja hii imepata uzito zaidi tangu mwaka 2024, Venice nayo ilipoanza kuwatoza wageni wa kutwa katika siku zenye msongamano. Yamkini tutaona miji mingine ikifuata.

Hata hivyo, naona wapinzani hao wanamlaumu mganga badala ya ugonjwa. Civita ilikuwa imekwisha kupoteza watu wake kabla ya tikiti ya kwanza kuchapishwa. Bila fedha za wageni, mwamba ungeendelea kuanguka, na pasingekuwa na jambo la kubishania. Isitoshe, mtalii wa saa mbili hutumia daraja, hutumia taka na vyoo, huchakaza vijia, kisha huondoka; ni haki achangie gharama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa Civita hauzibwi kwa maneno matupu. Kwa hiyo kiingilio na kiendelee.

Ila tusidanganyane kuhusu kazi ambayo fedha hizo zimefanya na ile ambayo hazijafanya. Wageni wamezidi mara nyingi, lakini wakazi hawajaongezeka. Nyumba zilizokarabatiwa, nyingi ni za wenye nazo kutoka Roma na nchi za nje wanaokuja wakati wa kiangazi, au zimegeuzwa vyumba vya kulaza wageni. Wauza vyakula na zawadi hufika asubuhi na kuondoka jioni. Hakuna shule mjini, kwa kuwa hakuna wa kuisoma. Hapo ndipo uchungu ulipo. Kodi zilizofutwa ziliwapunguzia mzigo watu wa Bagnoregio, jambo jema kabisa, lakini hazikumrudisha hata mtoto mmoja kulala ng'ambo ya daraja. Mgeni amekuja; aliyepona ni jirani ya mwenyeji.

Kuna watakaosema: na iwe hivyo. Hata makumbusho yana kazi yake. Piramidi za Misri hazina wakazi na hakuna anayelalamika. Jibu langu ni kwamba piramidi zilijengwa kwa ajili ya wafu, ilhali Civita ilijengwa kwa ajili ya walio hai. Piramidi isiyo na mtu inatimiza kazi yake; uwanja usio na mtu haujatimiza. Uwanja wa Mtakatifu Donato uliachwa wazi ili watu wapatane bei, wachumbiane, wagombane, wapatanishwe. Lango lenye simba lilijengwa na watu waliokuwa na kitu cha kulinda. Ukiyaondoa maisha hayo, majengo hayo yanakuwa kama barua iliyoandikwa kwa lugha isiyo na wasemaji: tunaweza kuisifu mwandiko, lakini hakuna wa kuijibu.

Zaidi ya hayo, mji usio na watu hauwezi kujilinda. Anayeona ufa mpya ukutani ni yule apitaye hapo kila siku akienda kuteka maji au kununua mkate. Anayezibua mfereji kabla ya mvua ni yule ambaye mfereji ukiziba maji yataingia jikoni kwake. Mtalii hupiga picha ya ufa na kuuita mzuri. Tena mapato ya utalii ni kama mvua za vuli, huja na kukatika. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoifunga Italia, madaraja na malango yote yalikaa bila wageni. Mji unaotegemea wageni peke yao, siku wageni wasipokuja haubaki na kitu, wala na mtu wa kuzima taa.

Je, inawezekana kuwarejesha watu? Italia yenyewe imekwisha kujaribu. Miji kadhaa ya Sicilia imeuza nyumba mbovu kwa euro moja, kwa sharti kwamba mnunuzi azikarabati. Huko Riace, kusini kabisa, wakimbizi wa Kikurdi walifika kwa mashua mwaka 1998, na nyumba zilizokuwa zimeachwa zikafunguliwa kwa ajili yao na wengine waliofuata, wakiwemo watu kutoka Pembe ya Afrika. Vijia vilivyokuwa kimya vikasikia tena watoto. Mpango huo uliingia katika mizozo ya kisiasa na kesi mahakamani, na sisemi kuwa ulikuwa hauna dosari. Nasema tu kwamba ulithibitisha jambo moja: nyumba tupu si amri ya Mungu. Watu wakipewa paa, kazi na shule ya karibu, huishi hata mlimani.

Basi napendekeza kwamba sehemu maalumu ya kila euro ilipwayo darajani itengwe kwa ajili ya wakazi, si kwa ajili ya mawe peke yake. Ikomboe nyumba chache na kuzikodisha kwa bei nafuu kwa familia changa zitakazokubali kuishi humo mwaka mzima. Igharimie usafiri wa mizigo na wagonjwa kuvuka daraja, na wa watoto kwenda shule Bagnoregio. Iwalipie mafundi mawe wachanga wakae hapo wajifunze na kuudumisha ufundi ambao bila wao kuta hizo hazitakarabatika. Sizungumzii maelfu ya watu. Kilima hakiwezi kuwabeba. Nazungumzia familia ishirini au thelathini. Zatosha kufanya uwanja uwe uwanja.

Atauliza msomaji: haya yatuhusu nini sisi walimu? Yanatuhusu kwa sababu fikra za jinsi ya kutazama mahali pa kale hupandwa darasani. Tunapomfundisha mwanafunzi historia kama orodha ya majengo na tarehe, tunamlea kuwa mtalii katika dunia: atavuka daraja, atapiga picha, atarudi. Tukimfundisha kuuliza ni nani aliyelala katika nyumba hii, alikula nini, alimwogopa nani, na kwa nini aliondoka, tunamlea kuwa mrithi. Kwa Civita maswali hayo yanajibika yote, kutoka kwa simba wa langoni hadi kwa msalaba unaowahi saa sita ya usiku. Mwanafunzi ajaribu zoezi hili: achore ramani ya mji huo, kisha mahali pa kila jengo aandike si mwaka lilipojengwa, bali kazi ambayo mtu wa kawaida aliifanya hapo. Ataona upesi ni mahali gani ramani yake inabaki tupu.

Tecchi aliupa mji wake jina la mji unaokufa, na kwa mtu aliyekuwa akiona kingo zikidondoka jina hilo lilikuwa la kweli. Lakini anayekufa bado yu hai, na aliye hai huuguzwa. Wahandisi wanaugua mwamba kwa vyuma, na watalii wanalipia dawa. Kilichobaki ni mtu wa kukaa kando ya kitanda usiku kucha. Siku ambayo mama atasimama kwenye uwanja wa Mtakatifu Donato magharibi, tikiti zimekwisha kufungwa na wageni wamekwenda zao, akamwita mwanawe kwa sauti aje kula, na mtoto akaitika kutoka upande wa lango la simba, siku hiyo ndipo tutakaposema kuwa mgeni alikuja na mwenyeji akapona.